Zone Yetu ya Franche

Jumanne, 6 Agosti 1991

Sherehe! Ng'ambo ya reli wameweka jiwe la msingi la kiwanda cha baiskeli. Fanfare ya tarumbeta, hotuba, sisi mama wa soko tumevaa kitenge sare. Mwekezaji amepewa kiwanja bure, nguzo za umeme bure, miaka kumi bila kodi. Nguzo nani amenunua? Samaki wangu wa Pweto, kule ziwani! Ushuru wa meza umepanda mara mbili. Faustin, mtoza ushuru wetu, anasema tuvumilie, watoto wetu watapata kazi. Ukipanda tena, meza yangu imekwisha, na nyumba yote inakula kwenye meza hiyo.

Ijumaa, 9 Agosti

Wamesimamisha kibao: ZONE FRANCHE. Kahambu, jirani yangu anayeuza unga, mtu wa Butembo, amekisoma na kupiga hesabu. Katuba yetu ni zone, yaani mtaa wa mji wenye ofisi yake; Kamalondo ni zone. Basi serikali imezaa zone nyingine, jina lake Franche. Ndipo akatuambia:

— Ku Katuba banalipaka. Ku Franche habalipake. Tuhame.

Hakuna aliyebisha. Nani abishane na habari tamu namna hiyo, mahali ambapo watu hawalipi ushuru?

Jumamosi, 17 Agosti

Tumehama! Meza vichwani, tunaimba, mpaka kwenye uzio wa mabati wa kiwanda. Faustin amekuja na tiketi zake. Kahambu amemwonyesha kibao kwa kidole. Faustin amekisoma mara mbili, akaenda kuuliza wakubwa. Mpaka jioni hajarudi. Siku nzima bila ushuru — nimenunua soda, nimekunywa peke yangu, malkia!

Alhamisi, 24 Oktoba

Wanajeshi wamepora mjini. Maduka yako wazi, hayana hata rafu. Kiwandani wamebeba mabati. Mwekezaji alishaondoka zamani, mashine zake hazijatoka kwenye makasha, zimevuka mpaka kwenda Zambia. Baiskeli hata moja haikutoka! Nimeogopa, nimelia. Lakini nguzo zimebaki, na taa inawaka juu ya samaki wangu. Basi nikacheka.

Jumatatu, 4 Novemba

Bei inabadilika asubuhi na mchana. Nusu ya soko la zamani imehamia kwetu. Faustin hajaona mshahara tangu Agosti. Leo mke wake ameweka meza ya mandazi kando yangu — na Faustin mwenyewe anakanda unga! Hatujamsema. Kidogo tu.

Jumatano, 20 Novemba

Naandika mbio, nyuma ya magunia ya Kahambu. Gari la serikali limesimama. Bwana mmoja wa tai amekuja kukagua zone franche: kumbe ni eneo la wawekezaji lisilotozwa kodi, si zone kama Katuba. Kama hakuna mwekezaji anayefanya kazi hapa, panafungwa, sisi turudi sokoni kwa ushuru. Ameuliza mwekezaji yuko wapi. Ndipo Faustin — Faustin! — akafuta unga mikononi:

— Iko, patron. Ni mama ule wa samaki.

Mungu wangu! Kahambu amenifunga kitenge chake kipya juu ya changu, nionekane tajiri. Bwana ameuliza mtaji wangu unatoka wapi. Nimesema Pweto. Akaitika kwa heshima, nadhani anafikiri ni Ulaya. Akauliza serikali ilinisaidia kitu gani. Nimesema nguzo, tulizonunua sisi wenyewe. Amependa sana jibu hilo, anataka kuliandika. Amekwenda garini kutafuta kalamu. Mama wote wananitazama, nacheka.

Anarudi. Hana kalamu. Anaiomba hii yangu — yaani hata kalamu tunainunua sis