Sikukupima, Dada Leokadia

Dada Leokadia,

Ni mimi Evarist, mdogo wako. Nakuandikia hapa hospitalini Kasulu, chumba cha eksirei, nyuma ya fomu ya kuombea picha. Karatasi nyingine sina, na nikisubiri nipate nitaahirisha tena. Wiki ya saba hii tangu tukuzike Nyakitonto. Kuna jambo ulikwenda bila kulijua, na mimi siwezi tena kukaa nalo.

Unakumbuka ile dawa niliyokuchoma mshipani ili figo zako zionekane kwenye picha? Dawa hiyo hupimwa kwa mtu. Mzee aliyenifundisha kazi hii alinikaririsha mpaka nikachoka: kwanza uzito wake, halafu mwulize kuhusu moyo. Mwenye moyo dhaifu apewe kidogo, tena polepole sana, kwa sababu dawa ile huvuta maji ya mwilini na kuyaingiza kwenye damu, na moyo uliochoka haumudu kuyasukuma.

Mimi sikukupima.

Mizani yetu ilikuwa imepelekwa kambi ya wakimbizi Nyarugusu kupimia watoto. Jenereta lilikuwa na dizeli kidogo, na foleni ilifika hadi nje kwenye nyasi. Ukaingia wewe na sweta lako la kijani na vitenge viwili, umeshika ubavu. Nilikuuliza kama umekula. Ukasema, "Sijala tangu jana, kama mlivyoniagiza. Nikianguka utanibeba wewe, zamu yako imefika." Tukacheka. Nikajisemea, huyu ni dada yangu, namjua. Nikavuta dawa ya mtu mzima mwenye mwili wake, kwa sababu machoni pangu ulikuwa bado yule aliyenibeba mgongoni kwenda shambani.

Na moyo wako niliujua, dada. Hilo ndilo linaloniua. Tulipokuwa Muyama ulivimba magoti, ukawa unachomwa sindano za kulinda moyo zahanati kila mwezi. Tukitoka kisimani ulikuwa unasimama katikati ya kilima na ndoo kichwani, unasema unanisubiri mimi. Hukuwa unanisubiri. Nilijua hata wakati ule, nikakuacha useme hivyo. Halafu siku ya kukuuliza ilipofika, sikuuliza. Nilisukuma ile dawa haraka nikisikiliza jenereta likikohoa.

Ukasema, "Evarist, nasikia joto hadi kwenye kucha."

Nikakujibu, "Ni kawaida, litapita."

Likapita kweli. Picha zikatoka safi, jiwe likaonekana kwenye figo ya kushoto, nami nikazipeleka kwa daktari najisikia fundi. Mchana ule ule shemeji Joakimu akaja kuniita wodini. Ulikuwa umekaa, huwezi kulala, povu mdomoni. Ulikuwa unasema, "Nifungulieni dirisha." Dirisha lilikuwa wazi, dada. Walikupa dawa ya kutoa maji, nami nikakushika mgongo mpaka asubuhi ya pili, ukatulia.

Tulijipanga wanaume sita kuinua jeneza lako kuliingiza kwenye gari. Wawili tungetosha. Hapo ndipo nilipojua uzito wako.

Daktari nilimweleza wiki ile ile. Alivua miwani, akaniambia huenda moyo ungechoka tu hata kwa dawa kidogo, huenda sivyo, hakuna atakayejua. Aliandika yote kwenye faili lako. Nilitamani anifukuze. Hakunifukuza.

Halafu Joakimu akaja na kuku. Alitoka Nyakitonto kwa baiskeli kuniletea kuku, ati ni shukrani kwa jinsi nilivyokuhudumia. Nilimshika yule kuku miguu, nikashindwa kumwambia karibu. Nikamwambia kila kitu pale pale mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Ulikuwa huwezi kumwuliza? Neno moja tu?" Akamchukua kuku wake akamfunga tena kwenye baiskeli, akaniambia nisikanyage kwake mpaka aniite. Hajaniita. Wanao sijawaona.

Sasa nimeazima mizani ya kupimia kahawa kutoka ghala la ushirika. Juzi aliletwa bibi mmoja Mkongomani kutoka kambini. Nilipompandisha akalalamika, "Dokta, miye siko gunia ya kahawa." Nikampima. Nikamwuliza kuhusu moyo, akasema akipanda mlima anasimama. Nikaenda kumwambia daktari, tukapunguza dawa, nikaisukuma kidogo kidogo huku nimeshika mkono wake, nahesabu mapigo. Alitoka kwa miguu yake akinung'unikia chai. Nikajifungia chumba cha kusafishia filamu nikalia, si kwa furaha. Ilikuwa kazi rahisi mno, dada. Haikuchukua hata robo saa.

Sijui nifanye nini na mikono hii. Kazini wananisifu siku hizi kwamba ni mwangalifu. Nikisikia hivyo natafuta pa kwenda.

Amebaki mama. Anawaambia majirani Muyama kwamba hukufa peke yako, Evarist alikuwa nawe, Evarist ni mtu wa hospitali, alifanya yote. Ndilo linalompa usingizi. Mara nyingine nafikiri nimwachie hilo. Lakini Joakimu anajua, na siku moja litamfikia kutoka mdomo wa mtu mwingine, sokoni au kanisani, naye atakuwa amesimama peke yake.

Nakuahidi hivi: Jumamosi naenda Muyama. Nitakaa chini mbele yake nimwambie mwenyewe. Akinifukuza nitatoka, na Jumamosi inayofuata nitakwenda tena, na nyingine, hata kama hatanifungulia mlango.

Pumzika, dada. Mimi sikuombi unisamehe leo.

Mdogo wako,
Evarist