Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Promota kaja mazoezini leo bila hodi, na viatu vyake vyeupe, akapanda navyo mpaka ukingoni mwa ulingo. Kaleta habari njema kwa sauti ya mtu anayetoa pole: Kiberiti wangu kapangiwa kupambana na Nyundo, onyesho kubwa la mieleka, Jumamosi tarehe 22. Miaka sita namfundisha yule binti! Nilitaka kuruka. Halafu akauliza, huku anacheka — mbona wasichana wangu wote wanaanguka upande mmoja?

Nikamwonyesha mlango. Ati upande mmoja! Mimi, Mama Mkwe kwa jina la ulingoni, niliyepanda na mkoba wangu miaka kumi na tisa, nikazomewa kila ukumbi, nifundishwe kuanguka na mtu ambaye hajawahi hata kujikwaa!

Jumanne, 4 Machi

Ni kweli.

Nimekaa kwenye benchi nikawaangalia wote saba. Kushoto. Kushoto. Kushoto. Hata yule mpya, wa wiki ya tatu. Wanajifunza kwa macho, na macho yao yananitazama mimi. Nami tangu bega la kulia lifanyiwe upasuaji, mwaka wa tisa huu, sijaliangukia hata siku moja. Sikumwambia mtu. Kazi hii husemi panapouma. Basi nimewarithisha ubovu wangu, wao wakadhani ni mtindo! Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto.

Na Nyundo hutupa watu kulia. Ndiko alikopatia jina, hawezi kugeuza kwa ajili ya Kiberiti. Mshindi tunampanga kabla, sakafu haipangiki. Binti akijikunja kushoto akiwa hewani, atatua kwa shingo.

Ijumaa, 7 Machi

Promota kapiga simu. Kama Kiberiti hatakuwa tayari ifikapo tarehe 20, nafasi inakwenda kwa msichana wa ukumbi mwingine. Akaongeza, kwa upole wa kuudhi, kwamba umri huu ningejipumzisha, mama. Nikamwambia ajipumzishe yeye, maana ndiye anayehema akipanda ngazi tatu. Nikakata.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu maneno. Nimejaribu chaki sakafuni, godoro, kioo kirefu cha mume wangu. Kiberiti anaelewa yote, anayakariri vizuri kuliko mimi — kidevu kifuani, kiganja kipige mkeka, bega lizunguke. Akirushwa tu, mwili unakwenda kushoto. Mara ya nne kaangukia sikio.

Kaniambia, Kocha, tuonyeshe wewe mara moja tu. Nikajifanya simu inaita.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia mume wangu kwamba nafikiria kuanguka kulia mwenyewe, wanione. Yeye ni fundi cherehani, alikuwa anashona nguo nyekundu ya Kiberiti, pini zimejaa mdomoni. Akazitoa moja moja, akazipanga mezani. Hapo nikajua kakasirika. Akanikumbusha ya daktari: bega likitoka tena, hutainua hata sufuria. Nikasema sufuria utainua wewe. Hakucheka.

Baadaye kidogo alicheka, lakini huku kageukia cherehani.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwita Kiberiti nyumbani, nikamwambia namtoa kwenye pambano. Akasema nikimtoa atakwenda kwa promota kwa miguu yake, awe tayari asiwe tayari, kwa sababu nafasi ya namna hii haitamjia mara mbili. Mkaidi! Sijui kaupata wapi ukaidi huo. Mume wangu, bila kuulizwa, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Jumatano, 19 Machi

Nimefanya.

Nimewapanga wote saba mbele yangu, nikamwambia Kiberiti anitupe kulia, kwa nguvu zake zote, asinionee huruma. Kanitupa! Na nimeanguka vizuri, nasema mwenyewe maana hakuna atakayenisemea. Kidevu, bega, kiganja — pa! Halafu bega likalia ndani, ka. Nikapiga ukelele.

Wakapiga makofi! Wakashangilia, wakaita Mama Mkwe, Mama Mkwe! Enzi zangu huo ndio ulikuwa ujanja wangu — kujilaza, kulia, mpinzani akiinama kunihurumia, nampiga na mkoba. Wakawa wanausubiri mkoba. Nikalala pale natabasamu na machozi yananitoka.

Kisha zamu ya Kiberiti. Karushwa, kaenda kulia! Safi, kama maji. Kisha akapiga ukelele na kuushika mkono, vile vile kama mimi. Alidhani ni sehemu ya somo! Karudia mara kumi, kelele kumi. Nilicheka mpaka nikaumia zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelewa. Chumba cha kubadilishia nguo, ukumbi umejaa mpaka milangoni.

Mume wangu ameshajua. Asubuhi kaniona nimeshindwa kufunga kifungo. Daktari kasema kwa simu niende leo leo, kila saa ninayochelewa mkono unazidi kufa. Nimesema baada ya pambano. Tumegombana njia nzima.

Kiberiti kaingia sasa hivi, nguo yake nyekundu imemkaa. Akautazama mkono wangu. Akauliza polepole — Kocha, ule ukelele wa Jumatano ulikuwa wa kweli? Nikamwambia wa kweli. Nikamwambia na lile bega la miaka tisa, na kwa nini wote wanaanguka kushoto, na kwamba kosa ni langu. Nimelisema! Nilidhani atalia, au atanitukana, angekuwa na haki. Kafunga kamba za viatu vyake, zote mbili, kwa utaratibu. Kisha akasema, basi leo mimi sipigi kelele.

Promota kagonga: dakika tano. Mume wangu kagonga baada yake: gari linaunguruma, mama, twende hospitali. Nimewaambia wote wawili waache kunivunjia mlango.

Nakwenda kusimama upande wa kulia wa ulingo. Akiwa hewani, aangalie huko. Mume wangu kaingia, kaushika mkoba wangu, kanifungulia mlango. Kengele hiyo —