Godoro Ndani ya Kabati

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini wewe na mama hamjambo. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio.

Unalikumbuka lile tangi la samaki wa baharini ninalolitunza? Limesimama katika chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, limejaa matumbawe hai ya kila rangi. Maji hushuka kwa bomba hadi tangi la pili, lililofichwa kabatini chini yake, yakachujwa humo, kisha pampu huyarudisha juu. Shida ni kwamba yakishuka pamoja na hewa, bomba linacheua kama mgeni aliyeshiba. Wagonjwa wakisikia maji yanabwabwaja, wote wanataka choo. Sasa foleni ya choo ni ndefu kuliko ya meno. Daktari ameniita: "Fundi, nataka kimya. Hawa watu wananiogopa vya kutosha bila msaada wako."

Nasikia mama ameletewa mashine ya kumsaidia kupumua. Anaendeleaje nayo? Mwambie mwanawe bado ana meno yote, ingawa anakaa karibu na hatari.

Ndimi mdogo wako,
Kitinda Mimba


11 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo kwa kadiri yetu. Barua yako nilimsomea mama, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikajuta kuisoma.

Mashine imefika kweli. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, kisha inampelekea hewa safi puani kwa mpira mwembamba. Lakini kelele zake! Inaunguruma kama mashine ya kusaga, na kila baada ya muda inapiga chafya. Mama anasema hakuolewa na kinu. Nikigeuka, anaizima. Nikirudi nakuta kucha zimekuwa bluu, naye ananiambia, "Nilikuwa naipumzisha, maskini, nayo inachoka."

Muuguzi aliyeileta alisema wazi kwamba mama akilala bila mashine, hatutakuwa naye muda mrefu. Alisema pia isisogezwe ukutani, ikae peupe. Basi wewe bingwa wa kimya, nishauri. Nikiiacha iungurume, mama halali. Akiizima, hapumui.

Wako,
Dada


19 Machi

Dada,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi sijambo, tena leo natembea kifua mbele. Nimeshinda.

Nilianza na bomba. Niliifunga koki yake kidogo kidogo mpaka maji yakalijaza bomba zima na hewa ikakosa pa kupita. Ukifunga kupita kiasi, tangi la juu linafurika. Ukilegeza, linacheua. Ni kama kuwagawia mashemeji nyama, lazima uangalie nyuso. Ikabaki pampu na mvumo wake. Nikakata godoro kuukuu, nikabandika vipande kila upande ndani ya kabati, nikafunga mlango. Kimya! Daktari alikuja kugonga kabati akiuliza kama waliomo bado wazima.

Fanyeni vivyo hivyo. Toa nguo za mama kabatini, ingiza mashine, toboa tundu la mpira na la waya, bandika godoro, funga. Kuhusu yule muuguzi, usimsumbukie. Hao huogopa tu kuta zisichafuke. Mashine ni mashine.

Mpe mama pole na salamu.

Kitinda Mimba, Bingwa wa Kimya


27 Machi

Bingwa wetu,

Salamu. Mimi mzima, na mama amelala. Naandika neno hilo mara ya pili nilifurahie: amelala.

Nilifanya kama ulivyosema. Jirani alinitobolea kabati, akaniuliza kama nafuga njiwa. Usiku wa kwanza mama alilala na mpira wake puani bila ugomvi. Akaniambia, "Mwandikie kitinda mimba wangu, mwambie amenirudishia usingizi." Mashine haizimi tena. Analala hadi mchana. Nikimwamsha anaanza sentensi, anaiachia katikati, anasinzia. Kichwa kinamuuma asubuhi, labda kwa kulala sana.

Kulikuwa na kero moja tu. Mashine ilianza kutoa mlio mwembamba, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Nikaongeza kipande cha godoro mlangoni, sasa hausikiki. Hata mlio wa simu yangu nimeuzima, asishtuke.

Mungu akuzidishie akili.

Dada


2 Aprili

Dada,

Soma hii ukiwa umesimama. Salamu baadaye.

Matumbawe yamekuwa meupe kama mifupa. Samaki wanahema juu ya maji. Nilipofungua kabati, joto lilinipiga usoni kama nimefunua sufuria jikoni. Pampu ilikuwa inajipika humo ndani na kuyapasha maji, nasi huku nje tunajisifia kimya.

Fungua kabati. Itoe mashine nje, ng'oa godoro lote. Hicho kifaranga si cha kuzibwa mdomo, ni mashine inaomba msaada.

Nimepiga simu tangu nilipolifungua kabati. Inaita tu. Dereva wa lori anayepita kwenu anaondoka sasa hivi, nimempa hii na kumwambia agonge mpaka afunguliwe. Mimi nafuata na basi la kwanza litakalokuwa na nafasi.

Fungua.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama. Sisi hatujambo. Kalamu imezoea kuandika sisi. Mimi sijambo.

Ulikuja, tukazika, ukaondoka, na hatukuzungumza. Watu walijaa nyumba nzima, kila mmoja akisema mama amepumzika, nawe ukavitazama viatu vyako. Sikukulaumu. Mimi nilikuwa navitazama hivyo hivyo.

Basi nikuambie. Dereva wako aligonga asubuhi, nikiwa nimeshamfunga mama kidevu. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama, kama ulivyotaka. Kisha nikaenda kufungua kabati. Kifaranga alikuwa bado analia.

Muuguzi alipokuja kuichukua mashine, aliyaona matundu na mabaki ya godoro. Akauliza hiyo ilikuwa akili ya nani. Nikasema yangu. Si uongo mkubwa. Wewe ulitoa maneno, mikono ilikuwa yangu, na mlio niliusikia mimi.

Mama alikufa akikusifu. Sijui hapo nikupe pole au hongera.

Nguo zake nimezirudisha kabatini. Nyumba imetulia mno. Nakuomba kitu kimoja tu, usininyamazie. Kama huna la kusema, niandikie hata habari za bomba.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Barua yako imenifikia.

Habari za bomba ni hizi. Godoro nimelitoa, na mlango wa kabati nimeung'oa na bawaba zake. Matumbawe yaliyokufa nimeyaopoa, daktari ameagiza mengine. Koki nimeiachia wazi. Bomba linacheua kutwa, na foleni ya choo imerudi palepale.

Daktari amenijia: "Fundi, si ulishaliweza hili? Hebu fanya kama ulivyofanya siku ile."

Nimemwambia nimesahau.

Nimeweka kigoda changu karibu na bomba, hapo ndipo ninapokaa kutwa. Wagonjwa wananiuliza ninavumiliaje. Likinyamaza kidogo tu, nainuka.

Mdogo wako