Mabao Mawili ya Mose

Chuoni, Kisii
Jumatano, 12 Machi

Mpendwa Tata, baba yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, goti lako la kulia likiwa limekupa nafuu. Mama naye hajambo? Dada yetu Phanice ameniambia chai inachumwa vizuri huko Gesima na kwamba ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, nikafurahi sana. Mimi kwa mwili ni mzima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha uliyofundisha miaka thelathini na miwili, na kwa kuwa ana kwa ana, kwa Ekegusii, nimejaribu mara nne na mara zote nikaishia kuzungumzia mvua. Ukikuta kosa, Tata, nakuomba uiache kalamu nyekundu mezani usome hadi mwisho.

Ofisi ya michezo ninapofanya kazi inatoa kijitabu cha historia ya timu ya soka ya wanaume ya chuo, na mimi ndiye niliyeambiwa nikiandike. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Huu sasa ni mwezi wa tatu, na nitakueleza kilichonikwamisha.

Timu ilianza na wanafunzi kumi na watatu na mpira mmoja. Kiwanja kilikuwa nyuma ya mabweni, kimeinama hata ukipiga kona ya upande wa chini unapiga ukipandisha mlima. Jezi za kwanza ziliazimwa kutoka shule moja ya upili kule Mosocho. Kocha, Bwana Ochoki, alikuwa mhadhiri wa kemia aliyeujua mpira kwa kuusoma. Mechi ya kwanza tulifungwa saba bila. Ya pili tulifungwa tano, na vijana wakarudi wakiimba.

Tatizo letu halikuwa miguu, lilikuwa Jumamosi. Ligi ilichezwa siku ya Sabato, na nusu ya timu walikuwa Waadventista. Kila msimu tuliwaandikia wapinzani tukiwaomba wahamishe mechi. Wengine walikubali. Wengine walikuja Jumamosi hiyo hiyo, wakatukuta wanane, wakachukua pointi zao wakaenda. Tukabandikwa jina la Timu ya Jumapili, na nimeliandika kitabuni kwa fahari kwa sababu hakuna mchezaji aliyewahi kulazimishwa kuvunja Sabato. Mshambuliaji wetu alikuwa kaka yangu Mose, na kwa misimu mitatu hakugusa mpira siku hiyo hata mara moja. Mimi nilikuwa mbeba mfuko wa jezi. Nilifanya majaribio mara mbili, na mara zote mbili Bwana Ochoki aliniambia kwa upole kwamba mfuko nao unahitaji mtu mwaminifu.

Kisha, miaka kumi na miwili iliyopita, tukafika fainali. Ikapangwa Jumamosi saa nane mchana. Bwana Ochoki aliomba iwe Jumapili, akakataliwa. Tulishinda mabao mawili kwa moja, tukapewa kombe lililochongwa kwa jiwe laini la kule Tabaka, na hadi leo hatuna kombe lingine. Kumbukumbu zote zinasema mabao yote mawili yalifungwa na Mose Ombati.

Yaliyofuata unayajua. Mzee Nyabuto alikata kipande cha gazeti akakipeleka kanisani. Ulimuuliza Mose mbele ya wazee, akajibu kwamba yeye hakuwa kiwanjani. Ulipomuuliza ni nani basi, akaangalia sakafu. Kanisa lilipopiga kura kumwondoa katika ushirika, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wako. Wiki hiyo hiyo ulimkatia karo, akatoka chuoni akiwa mwaka wa tatu, na tangu hapo amekuwa Keroka akipakia kabichi kwenye malori.

Sasa Mose amelala wodini hapa Kisii wiki ya tatu. Ni figo, Tata. Daktari aliniambia nimpeleke nyumbani ambako kuna watu wa kumwangalia, na alipokuwa akisema hayo alikuwa akiangalia dirisha. Nilimtuma Phanice kwako, naye akanirudishia jibu lako: kwamba lango lako halimfungukii aliyeiuza Sabato kwa makofi, na kwamba Jumapili hii wazee wa ukoo watapima kipande chake cha shamba la chai kiongezwe kwenye changu. Ilinibidi nimwambie Mose. Hakukasirika. Alisema siku ikifika, serikali ya kaunti imzike pamoja na wale wasio na watu.

Tata, Mose hakucheza. Siku ile tangu asubuhi alikuwa Mosocho akiwafundisha watoto Shule ya Sabato. Aliyecheza ni mimi. Asubuhi hiyo wachezaji walikuwa kumi, na mimi sikuwa nimesajiliwa, lakini nilijua kitambulisho cha Mose kilipokaa, ndani ya sanduku chini ya kitanda chake. Tunavyofanana unajua, hata shangazi Bonareri hutuchanganya. Bwana Ochoki alikitazama kitambulisho, akanitazama mimi, kisha akaniambia nifunge viatu. Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi maishani mwangu, nami niliyapenda.

Gazeti lilipotoka nilimpigia Mose magoti. Nilimwomba anyamaze mpaka nimalize mitihani, maana ningefukuzwa chuoni. Akaniahidi. Nikamaliza mitihani, nikapata kazi, nikaoa, ukanichinjia mbuzi nami nikala. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Husemwa njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imechukua miaka kumi na miwili, na aliyekuwa akiitembea ni Mose.

Leo asubuhi nimeandika ukweli kitabuni na kumkabidhi mkuu wangu. Kombe huenda likarudishwa na kazi huenda ikaisha. Sina la kujitetea. Ombi langu kwako ni moja tu. Ijumaa Mose anatoka hospitalini. Nitakodi gari nimlete, na tutafika langoni kabla jua halijatua. Mfungulie. Kesho yake nipeleke mimi kanisani, nitaketi benchi la mbele, na jina litakalosomwa liwe langu. Kama huwezi kutupokea wote wawili, mpokee yeye, mimi nitabaki barabarani. Na Jumapili usinipimie chochote.

Nimempa Phanice barua hii akuletee kwa mkono kesho. Msalimie Mama sana, na umweleze wewe kabla hajayasikia sokoni. Wasalimie pia Ruth na watoto wake, na majirani wote walioniombea nilipokuwa mwanafunzi bila kujua walikuwa wakimwombea nani. Mungu akulinde na akulegezee goti.

Jambo la mwisho. Mose hajui kwamba nimekuandikia. Angejua angenizuia, kwa sababu aliniahidi na ahadi yake bado ameishika. Ukimuuliza langoni kama alicheza siku ile, atasema hakuwa kiwanjani, na ukimuuliza ni nani basi, ataangalia chini tena. Nakuomba, Tata, safari hii usimuulize.

Ni mimi mwanao,
Gibson Ombati