Gari la Baba Lina Kiti Kimoja cha Mbele

Itsandra, 16 Julai 1983

Mama yangu mpenzi,

Kwezi. Nakuamkia kwa heshima, na naomba barua hii ikukute huna homa wala hasira, hasa hasira. Sisi ni wazima, isipokuwa mkono wa kulia wa Baba.

Mitihani imekwisha na begi langu limefungwa tangu Jumatatu. Baba alikuja kunichukua kama ulivyomtuma, lakini amenunua gari. Ni gari la jeshi la tangu vita vya Mjerumani, halina milango. Lilikuwa la mmoja wa wale mamluki wa Kizungu, anarudi kwao. Baba anasema Mutsamudu nzima itatoka kuliangalia. Nilitaka kumkumbusha kwamba vichochoroni kwetu hata punda wawili hawapishani, nikaona haya.

Huwashwa kwa kuzungusha chuma mbele. Siku ya kwanza chuma kilirudi kikampiga Baba kifundo cha mkono, kwa hiyo ninaendesha mimi. Usishtuke. Fundi Ridjali alinifundisha siku tatu kwenye uwanja wa mpira, na sijapita gia ya pili.

Baba anataka kwanza tukalioneshe kijijini kwao, kaskazini mwa kisiwa hiki cha Ngazidja, kisha tulipakie melini tarehe 26. Harusi ya dada Zouhoura ni Ijumaa tarehe 29, tutawahi.

Mwanao,
Housna

Mutsamudu, 20 Julai 1983

Mwanangu Housna,

Kwezi yako nimeipokea. Hapa hatujambo. Bibi yako anaumwa magoti, na tangu niisome barua yako mimi naumwa kichwa.

Mwambie baba yako sikumtuma chuma, nilimtuma mtoto. Kadhi ameshapanga saa. Walii wa Zouhoura ni baba yake, na Zouhoura amesema haozwi na wakili kana kwamba ni yatima. Bwana harusi ana ndugu kumi na wawili wanaosubiri tu tukosee. Meli ya tarehe 26 ndiyo ya mwisho kabla ya Ijumaa. Baba yako asipokuwemo, hakuna harusi.

Una haya, najua. Safari hii zitie mfukoni.

Mama yako

Bandarini Moroni, 26 Julai 1983

Mama yangu,

Kwezi. Barua hii anakuletea Baba mwenyewe, basi ukiisoma ujue amefika. Mimi mzima, ila mguu wa kushoto unauma kwa ajili ya klachi.

Tulitoka kijijini baada ya alfajiri. Kijiji kilichofuata watu waliona rangi ya gari wakakimbilia ndani, wakidhani mamluki wamewajia. Baba akasimama kitini: "Ni mimi, Mdahoma." Wakatoka wote, na wote walikuwa na safari ya Moroni.

Mmoja wao, Mzee Mouhidine, akamuuliza, "Mdahoma, umefanya ndoa kuu?"

"Bado, mzee."

"Basi kaa nyuma, kijana."

Unajua ada ya huku: asiyefanya ndoa kuu, ile harusi ya kulisha mji mzima, ni mtoto, hata akiwa na mvi. Mbele kidogo akapanda Mzee Tadjiddine, aliyefanya yake miaka mingi kabla ya Mzee Mouhidine. Mzee Mouhidine akarudi nyuma, Baba akahamia juu ya gurudumu la akiba. Kufika kijiji cha tatu Baba alikuwa ameshikishwa hata mbuzi.

Tulipofika Itsandra, Mzee Tadjiddine akasema, "Pindua, binti. Twende Ntsudjini tukatoe rambirambi, ni hapo tu juu."

Meli ilikuwa saa tisa. Nilimtazama Baba. Baba alimtazama mbuzi.

Nikazima gari. Nikasema nikiuangalia usukani, "Wazee wangu, yule aliyeshika mbuzi ni walii. Ijumaa anaoza binti yake Mutsamudu. Akikosa meli ndoa haifungwi, na watu wa kule watauliza ni wazee gani wa Ngazidja waliomchelewesha."

Mzee Tadjiddine akashuka. "Walii akae mbele."

"Na huyo mbuzi nipe mimi," akasema Mzee Mouhidine.

Hata hivyo meli ilikuwa imejaa saruji, nafasi ya gari hakuna, ya mtu ipo. Baba akaitazama meli, akalitazama gari. Nikamwambia apande, mimi nitabaki nalo kwa shangazi Echat. Akatokwa na machozi. Sijui yalikuwa yangu au ya gari.

Mwambie dada anisamehe.

Housna

Mutsamudu, 30 Julai 1983

Mwanangu,

Sote wazima, tumechoka kwa heri. Ndoa ilifungwa jana baada ya swala. Baba yako alimshika bwana harusi kwa mkono uleule uliovimba wala hakukunja uso. Wale kumi na wawili hawakupata kosa, wakala.

Zouhoura alilia kwamba hupo, kisha akakuwekea sahani, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Baba yako anataka kusimulia gari, watu wanataka kusikia uliwaambia nini wazee. Kila akisimulia maneno yako yanaongezeka. Jana jioni ulikuwa umeshafika kwenye aya za Kurani.

Njoo na hilo gari lenu. Litalala bandarini.

Mama yako

Itsandra, 5 Agosti 1983

Mama yangu,

Kwezi, na hongera. Meli ni kesho na nafasi ya gari nimeipata. Leo nilikwenda Moroni kuithibitisha mwenyewe.

Njiani Mzee Mouhidine alinisimamisha, akaweka mguu mbele. Kiti hicho alikuwa amekikalia Moinahalima, muuza samaki, na beseni lake. Asubuhi alinisukuma peke yake mpaka gari likawaka. Mzee akasubiri ashuke. Moinahalima akanitazama mimi.

Nikasema, "Mzee wangu, nyuma kuna nafasi."

Akapanda. Kwenye mlima gari likazimika, naye akashuka akasukuma pamoja na Moinahalima, kanzu ameikunja kiunoni. Ameniomba nisimwambie mtu yeyote Ngazidja. Mutsamudu hakuitaja.

Mwanao,
Housna