Nyota Tatu Nilizozipiga Msasa

Jumapili, Musonoi. Tangu asubuhi mvua inanyesha na kukatika, inanyesha na kukatika. Barabara yote imekuwa tope jekundu. Moyo wangu mzito.

Sijaandika hapa tangu mwezi wa tano, tulipomzika Odette, mke wangu. Homa ilimchukua ndani ya juma moja. Baada ya hapo sikuwa na la kusema. Leo ninalo, na si la kujisifu.

Mimi ni dereva wa lori mgodini. Kila mwaka, siku ya Noeli, nilikuwa kazini. Wenzangu walikuwa wakiomba ruhusa, mimi nikijitolea kushika zamu zao. Nilimwambia Odette kwamba ni kwa ajili ya watoto, naye hakubishana. Ukweli ni kwamba nyumba ikijaa nyimbo na wageni, sijui pa kuweka mikono yangu. Kwenye usukani najua.

Basi nilikuwa narudi nyumbani sikukuu imekwisha, nakuta tawi limesimamishwa kwenye ndoo ya mchanga, limejaa vitu vya mbao vilivyopakwa rangi. Nilikuwa nikivitazama nikivua buti, kisha naenda kulala. Nilidhani vilinunuliwa sokoni.

Sikuwahi kuuliza.

Leo baada ya misa wasichana wangu wawili walibaki kanisani kufanya mazoezi ya kwaya ya Noeli. Grâce ana miaka kumi na minne, Divine ana saba. Nilikuwa peke yangu, na nikaona hii ndiyo nafasi ya kufanya jambo ambalo mama yao angelifanya. Nikatoa chini ya kitanda katoni ya vile vitu vya mbao, nikaipeleka barazani.

Ndani mlikuwa na samaki, kengele na nyota tatu. Nilipozishika mkononi kwa mara ya kwanza, nilielewa. Hakuna fundi anayeuza kengele iliyopinda namna ile. Mbao zilikuwa za yale makasha ambayo vipuri vya mashine huja nayo, yale niliyokuwa namletea Odette awashie moto. Alizichonga kwa kisu cha jikoni. Ule wekundu ulikuwa rangi ya kucha. Pa kutundikia, alikuwa amekunja waya wa shaba.



Halafu nikafanya ninavyofanya na kila kitu kilichochakaa. Rangi ilikuwa imebanduka, hasa kwenye nyota, nami nilitaka wasichana warudi wazikute mpya. Nikachukua msasa nikaanza na nyota, mbele na nyuma, mpaka mbao ikawa nyeupe. Nyuma niliona mistari myembamba ya penseli. Miwani yangu ilikuwa ndani. Nilidhani ni vipimo vya kuchongea, nikaendelea kusugua. Upande wa mbele nikapaka rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka mlango. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Wasichana walirudi wamelowa. Divine alipenda ile bluu, akauliza kama samaki nao watapata. Grâce alisogea karibu. Alichukua nyota moja, akaigeuza. Akaigeuza ya pili. Ya tatu aliishika tu, akakaa chini na gauni lake la kanisani kwenye saruji yenye maji.

“Papa,” akasema, “mama alikuwa anaandikaka ku mugongo ya kila nyota.”

Alinieleza polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kila Noeli mama yao aliandika mstari mmoja nyuma ya kila nyota, chini ya ule wa mwaka uliotangulia: jambo aliloliona kwa mwenye nyota mwaka huo. Nyota moja ilikuwa ya Grâce, moja ya Divine, na moja yangu. Yeye hakujitengenezea. Divine akauliza kwa nini mama hana nyota.

Nilimwambia Grâce kwamba niliyaona yale maandishi nikayafuta bila kuyatambua. Sikusema ni miwani. Nilisema nisamehe, neno ambalo sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtoto wangu. Alifuta uso kwa kiganja, akaniambia nilete penseli.

Nilimpa aandike yeye. Akakataa. “Andika weye.”

Basi akawa anasema maneno ya mama yake, nami naandika kwa mwandiko wangu mnene wa madereva. Divine ametembea bila kushikwa. Divine anasoma jina lake. Grâce amesoma somo kanisani na sauti haikutetemeka. Grâce amelala njaa ili Divine ashibe, na anadhani sikumwona. Hapo penseli ilisimama. Sikulijua hilo. Nilikuwa naishi nyumba hii hii.

Mistari mingine Grâce hakuikumbuka. Tuliiacha.

Nikachukua nyota ya tatu, nikamngoja. Akatikisa kichwa.

“Yako mi sikusomaka. Mama alisema ile ni ya papa, atasoma yeye mwenyewe.”

Mvua ilikuwa imeanza tena, tukaingiza vitu ndani.

Kumbe kila mwaka nyota yangu ilikuwa inaning'inia pale, kwenye kimo cha uso wangu. Ilikuwa ni kuigeuza tu. Nimejaribu kukisia aliandika nini juu ya mtu ambaye hakuwepo, na kila ninachokisia nakiogopa. Wakati mwingine nakisia kwamba lilikuwa neno jema, na hilo ndilo naliogopa kuliko yote.

Kesho asubuhi nitamwambia mkuu wa zamu kwamba Noeli hii asiniweke. Atashangaa. Na ashangae.

Kabla ya kwenda kubadili nguo, Grâce aliniuliza tuandike nini nyuma ya nyota yangu, isibaki tupu. Nilimwambia tuiache hivyo mwaka huu. Mwakani ataandika yeye, kile atakachokuwa ameona.