Namba ya Mwisho ya Mira

KITUO CHA POLISI SVEG
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Gunvor Hedlund
Umri: Miaka 58
Kazi: Muosha vyombo, jiko la shule
Makazi: Ytterberg, nje ya Sveg
Tarehe na saa: 24 Oktoba 2023, saa 4:00 asubuhi

Afande ameniambia sheria hainilazimishi kusema lolote juu ya mwanangu wa kumzaa. Nimemjibu nitasema, ila aandike polepole, maana shule niliiacha mapema na nikiharakishwa nachanganya mambo.

Mnamo tarehe 1 Oktoba binti yangu Tuva alimchukua mbwa aitwaye Mira kwa jirani yetu, mzee Helge, aliyehamia nyumba ya wazee. Mira na mbwa wangu Siv ni ndugu wa tumbo moja, wote wa kijivu, wote wa kuwindia. Siv nilimkatia bima tangu mdogo. Mira hakuwahi kukatiwa. Tuva alimkatia tarehe 2. Bima ikasema ajali inalipwa tangu siku ya kwanza, ugonjwa mpaka siku ishirini zipite, na ugonjwa aliokuja nao haulipwi kabisa.

Tangu siku ile ya kwanza niliona Mira anakunywa maji mno. Nikasema moyoni, ni ugeni.

Tarehe 13, saa 2 asubuhi, Mira alishindwa kusimama. Saa 3:10 tulikuwa kliniki. Daktari Ylva alimpima kwa mashine ya picha, akasema kizazi kimejaa usaha, na kiu ile ilikuwa dalili yake, apasuliwe leo leo. Kwenye kioo niliuona moyo wake. Unapiga tu, unapiga, kama haujaambiwa habari za huko chini. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilivua kofia bila kujijua.

Daktari aliomba karatasi za bima. Tuva akampa za Siv. Daktari akapiga simu, kampuni ikakubali kulipa.

Kabla ya kumlaza kwa dawa walipitisha kifaa shingoni. Mbwa wetu hutiwa chini ya ngozi kitu kama punje ya mchele, kina namba. Daktari akasoma, akatazama karatasi. Namba kumi na tano, zote sawa isipokuwa ya mwisho. Karatasi inasema saba, mbwa anasema nane. Walitiwa siku moja, mmoja nyuma ya mwenzake, miaka sita imepita, na punje ile haijasahau.

Daktari akasema, "Kifaa hiki kimezeeka. Nipitishe tena, Tuva?"

Nilijua anatufungulia mlango. Nikamfinya Tuva.

Tuva akasema, "Usijisumbue, daktari. Huyu ni Mira. Nimekudanganya."

"Tuva!"

"Mama, acha kunifinya."

Huyu ndiye aliyekuwa akila biskuti utotoni akasema kala mbwa. Nilimtazama kama mtu nisiyemjua.

Daktari akavaa glavu. "Haya, nje nyote wawili. Mbwa kwanza, karatasi baadaye."

Mira alitoka mzima saa 7:30 mchana. Daktari alikuwa ameshalifuta lile ombi la malipo ya bima, lakini simu ya kwanza ilirekodiwa, na kampuni ikaja kwenu.

Sasa lile lililonileta. Mwezi ujao Tuva anaanza kazi nyumba ya wazee, na huko wanataka rekodi safi ya polisi. Afande, karatasi za Siv zilikuwa kwenye droo yangu ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza. Nilizitoa mimi. Ndani ya gari nikamwambia, "Sema ni Siv, nani atawajua?" Akakataa mara mbili. Mara ya tatu nikalia, ndipo akazipokea.

Uongo ule ni wangu. Aliyeukataa mbele ya daktari ni yeye.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni haya. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: G. Hedlund

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Inspekta Staffan Brodin. Shahidi alipofika kwenye habari za droo nilimsimamisha, nikamwonya kwamba anaweza kushtakiwa yeye. Alisema niendelee kuandika. Kabla ya kutia sahihi aliomba iandikwe pia kwamba mbwa hawana kosa. Imeandikwa.